Ghorofa la machinga na mteja aliyeshuka kituoni

Karume, Ilala, jijini Dar es Salaam, mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Kariakoo, kuna jengo la ghorofa linaloitwa Machinga Complex. Lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kukamilika karibu na mwaka 2010, kwa kazi moja: kuwatoa wamachinga, yaani wachuuzi wadogo, barabarani na kuwapa mahali pa kudumu, penye paa na vizimba vya kufunga kwa kufuli. Vizimba vilikuwepo. Wamachinga walikuwepo, tena kwa maelfu. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba hivyo, hasa vya ghorofa za juu, ilikaa tupu, deni likawa linakua, na mitaa ya Kongo na Msimbazi, pale Kariakoo, ikaendelea kutopitika.

Ukiwauliza watu wa jiji sababu, jibu la siku zote ni kwamba machinga hapendi utaratibu: kazoea kuzurura, hataki kulipa kodi. Ukimuuliza machinga mwenyewe, atakujibu kwa maneno mawili: hakuna wateja. Jibu la pili liko karibu zaidi na ukweli, ila nalo lina mtego. Wateja hawakuwepo kwa sababu wauzaji hawakuwepo, na wauzaji hawakuwepo kwa sababu wateja hawakuwepo. Wengi huishia hapo, kisha wanarukia dawa inayoonekana wazi: wahamishwe wote siku moja, wateja watawafuata. Mimi naona dawa hiyo haiponyi, hata kama ingewezekana kuwahamisha wote kwa usiku mmoja bila kurusha jiwe. Nitaeleza kwa hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka kuwa wa tabia za watu.

Hesabu ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa uchumi kuhusu wauzaji na mahali ni ya Harold Hotelling, Mmarekani aliyeichapisha mwaka 1929 katika jarida la Economic Journal. Chukua mtaa ulionyooka wa mita 1,000, wakazi wamejipanga sawasawa mwanzo hadi mwisho, na wauzaji wawili wa kitu kilekile kwa bei ileile. Kila mkazi anakwenda kwa aliye karibu. Wauzaji wakikaa mmoja mita ya 250 na mwingine mita ya 750, kila mmoja anapata nusu ya mtaa, na mkazi anatembea wastani wa mita 125 tu. Mpango mzuri, na haudumu. Yule wa mita ya 250 akisogea hadi 400, wateja wake wa nyuma hawana pengine pa kwenda, na mpaka kati yake na mwenzake unahamia mita ya 575. Kaongeza wateja bila kushusha bei hata shilingi. Mwenzake anajibu kwa kusogea naye. Wanaishia katikati, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na nusu yake ileile ya mwanzo, ila sasa mkazi anatembea wastani wa mita 250. Hakuna muuzaji aliyepata kitu, mteja kaumia, na bado hakuna anayethubutu kurudi alikotoka, kwa sababu akirudi peke yake atapoteza. Hali hiyo, ambamo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, ndiyo baadaye iliitwa msawazo wa Nash, kwa jina la mwanahisabati John Nash, ambaye mwaka 1950 alithibitisha kwamba ipo katika aina nyingi sana za michezo.

Watu hupenda kuitumia hesabu hii kueleza kila kitu, kuanzia vituo vya mafuta vinavyotazamana barabarani hadi vyama vya siasa vinavyofanana ilani. Hotelling mwenyewe aliipeleka kwenye siasa, akavitaja vyama vikubwa viwili vya Marekani. Kwa Kariakoo, hata hivyo, inakwama mahali pawili, na pale inapokwama ndipo kisa cha Machinga Complex kinapoanza kueleweka.

Pa kwanza ni bei. Mwaka 1979 wachumi watatu, d'Aspremont, Gabszewicz na Thisse, walionyesha kwamba hoja ya Hotelling ina ufa: wauzaji wawili wa bidhaa ileile wakisogeleana sana na kila mmoja ana uhuru wa kupanga bei, watapunguziana bei hadi faida iishe, kwa hiyo kila mmoja atakuwa na sababu ya kukaa mbali na mwenzake. Wakibadilisha kidogo namna gharama ya safari inavyohesabiwa, walipata jibu lililo kinyume kabisa na la mwanzo: wauzaji wanakimbilia ncha mbili za mtaa. Sasa tembea Mtaa wa Kongo. Wauza mikanda kumi wamepangana kama meno, na hawajauana kwa bei. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni mali kauli. Machinga wengi hawanunui mzigo kwa fedha taslimu. Wanauchukua asubuhi dukani kwa maneno tu, na jioni wanarudisha bei ya duka. Kinachozidi, yaani cha juu, ni chao. Bei ya duka inakuwa sakafu. Wanaochukua kwa tajiri mmoja wana sakafu moja, na hakuna anayeweza kuuza chini yake zaidi ya siku mbili bila kuanza kukwepa kupita mbele ya duka. Juu ya sakafu hiyo hakuna bei iliyoandikwa, kuna mapatano, na kila mteja ni mapatano mapya. Vita ya bei anayoiogopa mchumi inahitaji bei inayoonekana kwa wote, na Kongo bei haionekani mpaka umeuliza.

Pa pili ni pakubwa zaidi. Katika mtaa wa Hotelling wateja wanaishi mtaani, wametawanyika, na idadi yao haibadiliki. Mteja wa Kariakoo haishi Kariakoo. Katoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, na wengine wamevuka mipaka kutoka Zambia na nchi ya Kongo kuja kufunga mizigo. Anakuja kwa sababu anajua atakuta wauza mikanda kumi, wala hangefunga safari kwa ajili ya mmoja. Kadiri wauzaji wanavyojazana ndivyo wateja wanavyoongezeka, na ndiyo sababu ukitaka samani unakwenda Keko hata kama kuna fundi seremala mtaani kwako. Kwa hiyo wauzaji hawagombei tu mkate uliokwisha kukatwa, wanauongeza kwa kukaa pamoja. Mpaka hapa, hoja ya kuwahamisha wote kwa mpigo inaonekana na nguvu: kama kinachovuta ni wingi, basi uhamishe wingi.

Ila kuna jambo moja ambalo hoja hiyo inaliruka. Mteja huyu haoti katikati ya soko. Anashuka mahali. Anashuka daladala, au tangu mwaka 2016 anashuka basi la mwendokasi Msimbazi au Gerezani, kisha anatembea kuelekea anakokwenda. Mtaa wake una mwanzo na una mwelekeo. Kwa mtaa wa namna hiyo katikati hakuna thamani yoyote. Thamani iko kwenye chanzo, kwa muuzaji wa kwanza kuonwa.

Tuweke namba. Ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuata. Wauza mikanda ni kumi. Wateja wa mikanda kwa siku ni 100, wanashuka kituoni na kutembea hadi kwenye jengo. Siku ya kwanza agizo la kuwahamisha wote limetekelezwa, wote kumi wako ndani, kila mmoja anapata wateja 10. Kodi tuiache kwanza.

Siku ya pili mmoja wao anatandika turubai lake hatua chache kutoka kituoni. Katika watu 100 wanaopita, tuseme 30 wananunua palepale: wana haraka, mkanda ni mkanda, na kijana mwenyewe ana maneno. Huyu kapata 30. Tisa walioko ndani wanagawana 70 waliobaki, karibu 8 kila mmoja. Anayekaa ndani anapiga hesabu yake. Akimfuata mwenzake, wawili hao watanasa tuseme 45, yaani 22 na nusu kila mmoja, dhidi ya 8 anazopata sasa. Anatoka. Wa tatu naye akitoka, watanasa 55, kila mmoja 18, na waliobaki ndani kila mmoja atapata chini ya 7. Anatoka naye. Kila anayetoka anapunguza pato la waliotoka kabla yake, lakini bado kwake yeye nje ni bora kuliko ndani, kwa sababu ndani kunazidi kukauka. Wa kumi naye anatoka, maana hakuna mteja anayepanda ngazi kumfuata muuzaji mmoja. Wote wakiwa nje, tuwape wateja 110, maana wako pia wanaonunua kwa kuona tu. Kila mmoja anapata 11.

Hapo ndipo dawa ya kuhamisha wote inapokufa. Wote nje ni msawazo: ukirudi ndani peke yako utapata wateja wawili kama una bahati. Wote ndani siyo msawazo: ukitoka peke yako unaruka kutoka 10 hadi 30. Kama tatizo lingekuwa la kusubiriana tu, kila mtu angoje mwenzake aanze, basi msukumo mmoja mkubwa ungetosha na hali mpya ingejishikilia yenyewe. Hii haijishikilii. Ni kama kuujaza maji mtungi wenye tobo chini. Ukubwa wa ndoo unayojazia haubadilishi kitu.

Sasa muweke mgambo kwenye hesabu. Mgambo akipita, mzigo unachukuliwa au unakimbizwa, na muda wa kuuza unapotea. Tuseme hasara hiyo, kwa wastani wa siku, ni sawa na kupoteza wateja 5. Wote wakiwa nje, kila mmoja anabaki na 6. Wote wakiwa ndani kila mmoja angepata 10. Yaani sasa wote kumi wangekuwa na hali bora ndani ya jengo, wanalijua hilo, na bado hakuna anayeingia, kwa sababu 6 za nje ni bora kuliko 2 za kuwa ndani peke yako, na hata wangeingia wote, wa kwanza kutoka angepata 25. Kwa hiyo machinga anayesema angependa mahali pa kudumu, na kesho yake unamkuta barabarani, hasemi uongo. Anayoyataka kwa wote na anayoyachagua kwa nafsi yake yametengana, na si yeye aliyeyatenganisha.

Ongeza ukali. Hasara iwe wateja 12 kwa siku. Wote nje sasa haiwezekani, kila mmoja angekuwa anakula mtaji. Wanaanza kuingia ndani. Lakini hawaingii wote. Wakibaki wawili nje, kila mmoja ananasa 22 na nusu, anaondoa 12, anabaki na 10 na nusu. Walioko ndani, wanane, wanagawana 55, karibu 7 kila mmoja. Wa tatu akitaka kutoka angepata 18 kasoro 12, yaani 6, kwa hiyo anabaki ndani. Msawazo mpya: wanane ndani, wawili nje, na wale wawili ndio wanaopata zaidi. Operesheni ya kuwaondoa barabarani inamfanya anayeikwepa awe tajiri kuliko anayeitii, kwa kuwa imemwondolea ushindani. Aliyeshuhudia Kariakoo baada ya Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa barabarani kwa agizo, kisha akarudi kutazama miezi kadhaa baadaye, hahitaji niendelee. Ili asibaki hata mmoja, katika mfano wetu, hasara lazima izidi wateja 20 kwa siku, kila siku, kwa mtu mmoja mwenye turubai analolikunja kwa sekunde tano. Hakuna jiji lenye mgambo wa kutosha kwa kazi hiyo, na mara nyingi hasara ya wastani inashuka yenyewe, kwani operesheni huanza kwa kishindo na kuisha kimyakimya.

Siasa nayo inaingia humu. Desemba 2016 Rais Magufuli alikataza wamachinga kubughudhiwa, na Desemba 2018 vikaanza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000. Kwa lugha ya mfano wetu, hasara ya kuwa nje ilishushwa hadi karibu na sifuri kwa mwaka mzima kwa bei ya mikanda michache. Sisemi ilikuwa vibaya, watu walikula. Ila baada ya hapo kumwambia mtu apande ghorofani ilikuwa ni kupoteza maneno.

Ghorofa lenyewe linastahili aya yake. Kwenye michoro ya wahandisi, kizimba cha ghorofa ya tatu kina mita za mraba sawa na cha chini. Kwa mteja hakiko sawa hata kidogo. Anayetafuta jokofu atapanda. Anajua anachotaka, na bei ya safari ni ndogo ukilinganisha na bei ya kitu. Anayenunua soksi hapandi. Soksi nyingi hazikuwa kwenye mpango wa safari, zimenunuliwa kwa sababu zilionekana. Bidhaa za machinga karibu zote ni za aina hiyo, soksi, chaja, vitana, mikanda, na kuzipandisha juu ni kuziondoa machoni, yaani kuziondolea sababu ya kununuliwa. Maduka ya jumla yanaweza kuishi ghorofani, na Kariakoo kuna majengo mengi ambako yanaishi vizuri sana. Mpangaji aliyechaguliwa kwa Machinga Complex ndiye pekee asiyeweza.

Mwenye duka la chini naye hayuko upande tunaodhani. Hadharani hulalamika kwamba wamachinga wameziba mlango na hawalipi kodi kama yeye, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini machinga akishakaa mbele, wateja wananaswa kabla hawajafika kaunta, na mwenye duka ana njia mbili: kuomba wamachinga waondolewe, au kuwapa mzigo wake wauze. Wengi wanafanya yote mawili. Asubuhi anatoa mali kauli, mchana anasaini barua ya kulalamika. Kila uamuzi, kwa wakati wake, unamlipa. Kwa hiyo jiji linapohesabu wafanyabiashara wenye maduka kuwa ni washirika wa operesheni, linahesabu watu ambao nusu ya mauzo yao inaweza kuwa iko juu ya turubai lile lile linalokunjwa.

Nairobi walijaribu kitu chenye akili zaidi. Soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008 kwa wachuuzi waliokuwa wamejaa katikati ya jiji, lilijengwa pamoja na kituo cha matatu, yaani daladala za Kenya. Abiria wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, wanashukia pale pale sokoni. Chanzo cha mtiririko kililetwa mlangoni, na Muthurwa halikukaa tupu kama ghorofa la Karume. Tatizo lake limekuwa msongamano. Hata hivyo wachuuzi hawakuisha katikati ya jiji, kwa sababu wengi wanaoshuka Muthurwa hawakuja Muthurwa. Wanaendelea na safari kwa miguu hadi ofisini na madukani, na njia waliyofuata ikapata wauzaji wake mwanzo hadi mwisho. Kituo kimoja kimelisha masoko mawili.

Kwa hesabu hii, swali la kwanza la mjenzi wa soko la machinga lingekuwa watu wanashukia wapi na wanakwenda wapi, na michoro ya jengo ingefuata baadaye, ikiwa jengo lenyewe lingehitajika. Kama njia fupi kutoka kituoni hadi madukani ingepita katikati ya vizimba, aliye ndani angekuwa ndiye wa kwanza kuonwa, na anayetoka nje asingepata zile 30. Angepata labda 12, na 12 kwa kukimbizana na mgambo haimshindi 10 za kivulini. Namba moja tu imebadilika kwenye mfano, na wote ndani imekuwa hali inayojilinda bila askari. Upana wa njia ungekuwa na maana kuliko idadi ya ghorofa. Kodi nayo ingepangwa kwa kizimba kilivyo karibu na njia, wa mbele alipe zaidi, ili wa nyuma asione ana haki ya kwenda kukaa mbele ya wa mbele.

Hata hapo lakini mchezo haufungwi, kwa sababu ya winga. Winga hana kizimba, hana turubai, hana mzigo. Anasimama pale mteja anaposhuka, anamuuliza anatafuta nini, anampeleka dukani na kuweka cha juu. Hakuna kitu cha kumnyang'anya, na kwa mgambo anaonekana kama mpita njia yeyote. Kila hatua unayomsogeza machinga mbali na kituo inampa winga kazi zaidi, maana mteja sasa anahitaji kuongozwa. Na mawinga wenye simu wamesogea mbele zaidi ya kituo: picha ya mkanda iko kwenye status ya WhatsApp saa moja asubuhi, mteja wa Mbagala anatuma fedha kwa simu, na mzigo unapelekwa na bodaboda. Mteja huyo hakushuka Msimbazi wala Gerezani, na katika zile 100 tulizoanza nazo inabidi aondolewe kabla hesabu haijaanza.